Msusi Aliyepaka Benchi Mafuta

Kuna watu wakishajua kazi moja huamini wamezijua zote. Msusi wetu alikuwa mmoja wao. Alikuwa mjane wa makamo, mwenye mikono myepesi na mdomo mwepesi zaidi, na alisukia nyumbani, katika chumba cha mbele chenye vioo viwili na kiti cha kuzunguka ambacho kilishaacha kuzunguka. Aliishi na dada yake mkubwa, aliyestaafu kazi ya kupokea simu ofisini. Maisha yake yote dada huyu alilipwa kusikiliza mazungumzo ya watu, na hakuona kwa nini aache eti kwa sababu amestaafu.

Kwa nywele, msusi hakuwa na mpinzani mtaa mzima. Tatizo lake ni kwamba kila kitu duniani alikiona kichwa, na kila kichwa kilitaka mafuta. Bawaba ikilia, mafuta. Mkoba ukipasuka ngozi, mafuta. Dada yake alipopata mafua alipakwa mafuta kifuani na mgongoni mpaka akawa anateleza kitandani, na akapona haraka ili tu aachwe.

Sasa huyu msusi alimpenda Bwana Mita. Tuseme tu waziwazi, maana yeye mwenyewe alishamwambia kila mteja isipokuwa Bwana Mita. Bwana Mita alikuwa mfanyakazi wa kampuni ya maji, mrefu, mpole, suruali yake ya khaki imenyooshwa pasi mpaka inakaribia kusimama yenyewe. Kazi yake ilikuwa kupita nyumba kwa nyumba akisoma mita za maji. Alikuwa na aibu ya ajabu. Angeinama, angesoma mita, angejikohoza, angesema, "Maji yenu yanakwenda vizuri, Bi Msusi," kisha angebaki pale akizungusha kofia mkononi kama mtu anayetafuta mlango wa kofia. Halafu angeaga.

Hayo yangeendelea hadi wote wawili wang'oke meno, lakini wiki moja alikuja na habari mbaya.

"Kampuni inafunga mita mpya," alisema. "Zinajisoma zenyewe. Wiki ijayo nakuja mara ya mwisho."

"Mara ya mwisho kabisa?"

"Kabisa, Bi Msusi." Akaiangalia mita kwa huzuni, akaaga.

Msusi aliingia ndani akakaa kwenye kiti kisichozunguka. Wiki moja tu! Mtu ambaye hajasema neno miaka yote atalisemaje kwa dakika mbili za kuinama na kuinuka?

"Tatizo ni kwamba hakai," alimwambia dada yake. "Mtu akisimama mawazo yake yako njiani. Akikaa, atasema."

"Akae wapi? Kwenye lile benchi?"

Benchi lenyewe lilikuwa nje, kando ya mita, na lilikuwa limepigwa jua na mvua mpaka likawa na rangi ya jivu, limechanika, na vibanzi vimesimama kama nywele za mtu aliyeamshwa ghafla. Bwana Mita aliwahi kulikalia siku moja. Aliinuka na kibanzi mahali ambapo mtu mpole hawezi kupataja, akashukuru kwa ukarimu, na tangu siku hiyo hakulikaribia tena.

Basi msusi akafunga kazi asubuhi moja, akaenda duka la rangi.

Muuzaji alikuwa kijana mwenye kalamu sikioni na uvumilivu mwingi, ambao siku hiyo ulitumika wote. Alimuuliza benchi linakaa wapi. Juani? Linanyeshewa? Basi asichukue rangi ya kawaida, alisema, maana hiyo hukaa juu ya ubao na baada ya misimu michache hubanduka magamba. Achukue ile ya mafuta ambayo mafundi wanaiita steini. Hiyo huzama ndani ya mbao, inazuia maji, na nyuzi za mbao bado zinaonekana.

"Inazama ndani," msusi alirudia, macho yakimng'aa. "Kwenye mizizi."

"Mbao haina mizizi, mama."

"Endelea tu, mwanangu, nakuelewa kuliko unavyojielewa."

Kijana akamtolea vipande vya mbao vilivyopakwa ili achague. Msusi akavipanga kaunta nzima. Hiki chekundu mno, kama mtu aliyeacha hina ikalala. Hiki cheusi, kinamfanya mtu aonekane anaficha umri. Hiki cheupe cheupe nacho? Kijana akamwambia nyepesi sana haizuii jua vizuri; bora achukue iliyoiva kidogo. Msusi akafikiri, kisha akauliza swali ambalo halijawahi kuulizwa katika duka lile: ipi inakwenda na suruali ya khaki?

Kijana akachomoa kalamu sikioni, akairudisha. Akamwonyesha ya kahawia, ile ya asali iliyokolea.

"Piga msasa kwanza," alimwelekeza, "osha vumbi, acha mbao ikauke vizuri. Koroga kopo, usilitikise. Paka kidogo kidogo, ukifuata nyuzi. Acha robo saa, halafu chukua tambara ufute yote iliyobaki juu. Hapo ndipo watu wanapokosea. Usipofuta haikauki, inabaki inanata. Halafu tambara lianike nje peke yake, usilikunjekunje ukaliweka pembeni, hushika moto lenyewe. Na benchi liache siku mbili tatu lipigwe na hewa."

Msusi alishukuru, akabeba kopo lake. Njiani alikuwa akicheka. Kufuta! Ni nani katika dunia hii aliyewahi kumpaka mteja mafuta mazuri halafu akayafuta? Kijana wa watu, kalamu sikioni, angejuaje.

Hata hivyo, hakukurupuka. Alijaribu rangi kwanza, tena sana. Alijaribu kwenye mpini wa ufagio, kwenye mguu wa meza, na kwenye mwiko, ambao dada yake aliukuta umepakwa nusu, akauliza kama wageni wengine wanaotarajiwa nao wanavaa khaki.

Msasa alipiga vizuri, tusimwonee. Vibanzi vyote vililala. Kisha akaliosha benchi kwa shampuu, mara mbili, akalisuuza na kulikausha kwa mashine ya kukaushia nywele, jirani mmoja akisimama kwenye uzio mdomo wazi. Baada ya hapo akaligawa mafungu kwa mkia wa kitana, akaanza kupaka, fungu kwa fungu, kutoka shina hadi ncha. Mkono wa kwanza wa steini ukazama. "Unaona lilivyokuwa na kiu?" Mkono wa pili ukazama kidogo. Wa tatu haukuzama kabisa, ukabaki juu, mzito, unang'aa kama asali yenyewe, na msusi akasimama akiutazama kwa mapenzi.

"Yule kijana hakusema ufute?" dada yake aliuliza. Yeye hakwenda dukani, lakini habari zote humfikia.

"Hizo ni habari za mbao za watu wengine."

Mpaka hapo lilikuwa kosa ambalo yeyote angeweza kulifanya. Lililofuata lingeweza kufanywa na msusi peke yake. Alichukua mifuko ya nailoni anayowavalisha wateja kichwani ili mafuta yaingie kwa joto, akaikata, akalizungushia benchi zima, akalifunga kwa vibanio. Benchi likalala limevaa kofia. Kama kuna njia ya uhakika zaidi ya kuizuia steini isikauke, bado haijagunduliwa.

Asubuhi iliyofuata, siku yenyewe, aliivua ile nailoni. Ilitoka kwa shida, ikivuta nyuzi ndefu ndefu, na msusi akasema hiyo ni dalili ya afya. Hakuligusa, kwa kuwa nywele zilizotengenezwa hazishikwishikwi. Akavaa gauni lake zuri kuliko yote, akamkalisha mteja wa kwanza, akaanza kusuka huku jicho moja liko dirishani. Mteja huyo alikuwa mwalimu wa chekechea, na ukitaka kujua jicho lile lilikuwa wapi ungemtazama tu jinsi mistari ya kichwani mwake ilivyokuwa ikipinda kuelekea barabarani.

Bwana Mita akatokea. Msusi akakiacha kichwa cha watu nusu, akatoka.

"Karibu, Bwana Mita. Leo hutasimama. Tumekutengenezea benchi."

Bwana Mita akalitazama. "Mmenitengenezea mimi?"

"Kaa, nakuletea chai."

Aliporudi na chai, alimkuta amekaa wima, mikono magotini, kofia mapajani. Msusi akampa kikombe. Akavuta kigoda chake, akakaa mkabala.

Wakazungumza. Yaani, Bwana Mita alizungumza! Alieleza juu ya mabomba yaliyopasuka, juu ya mbwa wa mtaa wa pili asiyependa sare za kampuni, juu ya nyumba moja ambayo mita yake huzunguka hata maji yakikatika. Chai ikaisha, ikaletwa nyingine. Mwalimu wa chekechea akatoka nje, upande mmoja umesukwa na mwingine umesimama wima, akauliza kama anaweza angalau kupewa kofia. Akaambiwa asubiri. Akasubiri pale pale, kwa sababu mambo yalikuwa matamu.

Jua likahama kutoka upande huu wa nyumba kwenda upande ule. Bwana Mita bado yupo. Msusi alikuwa na furaha ambayo hakuwahi kuwa nayo tangu marehemu mumewe alipokuwa hai, na kila mara Bwana Mita alipojikohoza alishika pumzi, akijua sasa linakuja. Lakini kila mara likaja bomba jingine.

Mwishowe dada mkubwa akashindwa kuvumilia, akachungulia dirishani.

"Bwana Mita, shemeji yangu mtarajiwa, huendi hata kujinyoosha?"

"Niko salama, dada."

"Miguu haijafa ganzi? Hebu simama kidogo."

Bwana Mita akajaribu kusimama, kwa heshima tu. Ikasikika sauti ya kitu kinachochanika taratibu, kama plasta inayotolewa kwenye kidonda. Akarudi chini. Akajaribu tena, na safari hii benchi nalo likanyanyuka, likamfuata hatua mbili mpaka kwenye mita, mwalimu wa chekechea akipiga kelele na dada mkubwa akicheka hadi akashika fremu ya dirisha.

Msusi hakucheka. Alikuwa ameelewa, na uso wake ukawaka kwa aibu. Kumbe mchana kutwa! Kumbe chai zote zile, mbwa, mabomba, vyote vile, mtu wa watu alikuwa mateka tu asiyetaka kumuumiza mwenye nyumba. Alitamani ardhi ipasuke.

Walimkomboa kwa kazi kubwa. Dada alivuta mikono, mwalimu alishika benchi, msusi akapitisha mafuta ya kupikia pembeni kwa mkia wa kitana. Bwana Mita akatoka, lakini sehemu kubwa ya suruali ilibaki. Akavalishwa haraka kile kitambaa cheusi wanachofungwa wateja shingoni, akakizungusha kiunoni, na hata hivyo akasimama wima kama yuko kazini.

"Nisamehe, Bwana Mita," msusi alisema, macho chini. "Niliambiwa nifute, sikufuta. Nikadhani umekaa kwa sababu umependa kukaa. Kumbe umenata tu. Nenda nyumbani kaka yangu, suruali nitakushonea."

Bwana Mita akazungusha kofia. Mara moja, mara mbili. Kisha akanyoosha mkono wa kulia na kumwonyesha kidole cha shahada. Nchani kilikuwa na doa la kahawia, limekaukia pale.

"Niligusa kwanza," alisema.

"Uligusa nini?"

"Benchi. Ulipoingia kuchukua chai. Nikaweka kidole, kikanata." Shingo yote ilikuwa inatoka jasho. "Nikawaza, nikisimama nitasema maji yanakwenda vizuri, halafu nitaaga. Najijua. Kwa hiyo nikakaa. Nikasema, nikishindwa kuondoka, labda nitasema."

"Na mbona hukusema?" dada aliuliza kutoka dirishani.

"Nilikuwa najiandaa."

Mwalimu akasogea karibu, mkono kwenye ule upande wake uliosimama.

"Bi Msusi," Bwana Mita akaendelea, "kampuni inataka mita isomwe mara moja kwa mwezi. Mimi nimekuwa nakuja kila wiki."

Msusi alimtazama mtu yule, mrefu, mpole, amejifunga kitambaa cha saluni, kidole bado kiko hewani. Akamwambia dada yake alete chai nyingine. Kisha akaenda kwenye benchi, akalinyoosha gauni lake zuri kwa nyuma, akakaa pale penye mafuta mengi zaidi, akajisogeza vizuri mpaka akawa na uhakika limeshika.

"Haya," alisema. "Mimi siendi popote. Sema."