Tone la Pinki la Mama

Nikifumba macho bado naliona tone lile likiyumba. Nafanya kazi maabara ya kituo kidogo cha afya huku juu Mbulu, ambako Julai ukungu unaingia mpaka ndani. Kupima brusela, homa inayotoka kwenye maziwa mabichi, ni kazi ndogo: tone la seramu, yale majimaji ya juu ya damu, na tone la dawa ya pinki. Unayumbisha kadi taratibu dakika nne, kama unabembeleza mtoto. Kingamwili zikiwepo zinashikana na dawa, unaona chembechembe. Zisipokuwepo, pinki inabaki laini. Nikiyumbisha, mimi huwa naota macho wazi.

Mama yangu alikuja kutoka kijijini Dirma amekonda, homa za jioni zimemmaliza.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Nipime wewe. Wengine wananipa dawa za malaria tu."

Nikamtoa damu, nikatoa dawa ya pinki kwenye friji, nikaiacha mezani nusu saa ipate joto la chumba, kama tulivyofundishwa. Nikayumbisha. Pinki ikabaki laini.

"Huna brusela, mama."

Kwa furaha akafungua kibuyu chake cha maziwa. Kila siku nawahubiria wagonjwa wachemshe maziwa, lakini ya mama unayakataaje? Tukanywa wote wawili, mabichi, pale nje kwenye ukungu. Jamani, yalikuwa matamu!

Siku ya tatu akapiga simu, homa imerudi. Siku hiyo jua lilikuwa limetoka, na chupa ya dawa ilikuwa dirishani. Nilipoishika ilikuwa na uvuguvugu, nikashtuka. Joto la chumba! Chumba chetu Julai ni friji ya pili, na dawa ikiwa baridi haishikani vizuri na kingamwili. Nikachukua seramu yake iliyobaki, nikarudia. Dakika moja haijaisha, zikashikana. Nikaizimua seramu kwa maji ya chumvi nusu, kisha nusu ya nusu, mara tano, bado zinang'ang'aniana. Nilijichukia, nikalia, kisha nikampigia.

"Mama, nilikosea, brusela unayo. Njoo, vidonge vipo."

"Na wewe je? Si tulikunywa wote?"

Alikuja, akaanza vidonge, homa ikapungua. Aliporudi baada ya wiki kadhaa alinikunja mwenyewe mkono wa shati, nikatolewa damu. Akakaa pembeni yangu nikiyumbisha tone langu, chupa nikiwa nimeipasha kwapani tangu asubuhi.

"Vipi?" akauliza.

Zilikuwa zimeshikana.

"Tutameza wote wawili, mama," nikasema.