Mwani Umefika Doha

Juma hili nilikuwa kwenye zahanati moja ya Abu Hamour, hapa Doha, nikingoja zamu yangu karibu na pazia lisilofunga vizuri. Ndani, nesi Mkenya alikuwa akimhudumia dada wa Kwale aliyeungua mkono kwa mafuta katika jiko la hoteli, kule West Bay. Alimwekea kipande cheupe kama pamba.

"Hiki kimetengenezwa kwa mwani, dada. Kikilowa kinakuwa kama uji mzito, na nyama mpya inapata pa kushikia."

"Mwani?" Dada akacheka. "Mamangu si ndio anaolima! Anaufunga kwenye kamba, unashikia papo hapo, unakua." Kicheko kikakatika. "Nipe kilichobaki nimtumie. Ana kidonda mguuni."

"Kikoje?"

"Cheusi. Kimefika kifundoni. Na ana sukari."

Nesi akaweka mkasi chini. "Hicho si cha kufunga, dadangu. Aende hospitali leo."

Dada alipiga simu palepale, akaweka spika kwa mkono mzima.

"Mama, nenda hospitali leo."

"Nitaenda, mwanangu, bamvua likipita. Maji yakitoka mbali hivi, mwani haungoji kuvunwa."

"Na mguu, mama?"

"Mguu si ninao bado?"

Dada alitoka ameukumbatia mkono uliofungwa vizuri, akiutazama kama kitu alichomwibia mtu.

Mwani unajua kusafiri. Umevuka bahari ukafika kwenye mkono wa mpishi wa Doha. Safari iliyoushinda ni ile fupi, ya kutoka majini hadi kwenye mguu wa anayeulima.