Mbeleko ya Mtoto wa Yaya

Yaya, dada yangu mkubwa, alichagua mbeleko kabla hajachagua jina la mtoto. Tulikwenda pamoja soko la Baraka, mji wetu wa kando ya ziwa, mimba yake imeshuka chini kabisa, na alimsumbua muuza vikwembe, yaani vitenge, mpaka yule mama akachoka, akaketi. Kila kitambaa Yaya alikivuta kwa mikono miwili, akalowesha pembe kwa mate aone kama kinachuja rangi. Mimi nilimwonyesha kimoja kipya cha ndege wekundu.

"Hii iko ngumu, itateleza," akasema. "Mi natafuta ya kushika mutoto, si ya kuendea misa."

Akachukua cha pamba nzito, rangi ya kahawia, kipana cha kumfunika mtoto toka kisogo hadi nyayo. Mimi nilikiona kibaya.

Alizaa msichana. Kitovu cha mtoto kilikuwa kimekatika karibuni tu askari walipoingia mjini. Shemeji, mume wa Yaya, alikuwa ziwani na wavuvi wenzake. Walipoona moshi ufukweni waligeuza mitumbwi kuelekea Kigoma, lakini hilo tulikuja kulijua baadaye sana. Mama, Yaya na mimi tulipanda milimani, tukapita Fizi, tukashika njia ya Kilembwe. Mama alitaka mtoto nimbebe mimi. Yaya akakataa.

"Akilia, mi ndiye najua kumunyamazisha."

Homa ilimkamata njiani, na damu ya uzazi ikaanza kumtoka upya. Katika kijiji kimoja kidogo bibi mmoja, asiyetujua kabisa, alitufungulia jiko lake. Zahanati ilikuwa imeporwa na muuguzi amekimbia. Yaya alikata roho asubuhi, mtoto amelala ubavuni mwake.

Tulikuwa tumekimbia na nguo za mwilini tu. Kikwembe cha Mama kilikuwa kimeraruliwa na miiba, mimi nilikuwa na sketi. Kitambaa kizima kilikuwa kimoja, ile mbeleko. Mama alikaa nayo mapajani, mtoto amefungwa ndani yake, wanaume waliochimba kaburi wakingoja nje.

"Mama," nikasema, "mutoto tutamubeba na nini?"

"Na dada yako je? Nimuweke mutoto wangu mu udongo hivi hivi?"

Mama akamfungua mtoto, akanikabidhi, akamvika Yaya ile mbeleko.

Baada ya maziko ilibidi tutafute cha kumbebea. Mama alinifunga mtoto mgongoni kwa upande uliobaki wa kikwembe chake. Nilipokwenda kuteka maji mtoni kikapasuka, nikamdaka mtoto kwa kumshika mguu. Mama mmoja mkimbizi mwenzetu alituazima shuka, nayo ikateleza mpaka mtoto akaning'inia kiunoni. Kila tulipobadilisha alilia, anasukuma pua yake kwenye kitambaa, anatafuta harufu asiyoipata. Bibi mwenye jiko alitutazama, kisha akaingia ndani, akatoka na ngozi ya mbuzi yenye kamba nne.

"Hii ilibeba batoto bangu bote," akasema.

Aliisugua mawese mpaka ikalainika. Mama aliikagua kama Yaya alivyokagua vitambaa sokoni, akavuta kila kamba kwa uzito wake wote.

"Kaza ya chini kwanza," akaniambia. "Sasa ya juu, hapa juu ya maziwa. Inama. Ruka kidogo." Mtoto hakuteleza. Alilia mpaka akachoka, akalala, na mimi nikaendelea kulia peke yangu.

Tulibaki kijijini pale, na mke wa jirani wa bibi, aliyekuwa na mtoto wake mchanga, alimnyonyesha pamoja na wa kwake. Sisi tukawalimia watu mashamba yao ili tule. Mtoto akanenepa, akauzoea mgongo wangu. Siku aliyoniita mama nilimtazama Mama, sikujua nifanye nini. Akageuza uso pembeni.

"Mwitikie," akasema.

Mapigano yalipotulia tulirudi Baraka, tukaikuta nyumba haina bati hata moja. Hapo ndipo shemeji alipovuka kutoka Kigoma, na mke mwingine. Hakujua kwamba Yaya amekufa. Mama alipomwambia, aliketi chini kwenye vumbi, akalia mbele za watu wote. Kesho yake alisema anamtaka binti yake. Mahari alikuwa ametoa. Kwa desturi yetu, mtoto ni wake.

"Mutoto ni wako, baba," Mama akajibu.

Nilitaka kumchukia shemeji, nikashindwa. Mkewe alikuja na kikwembe kipya cha buluu, akaniuliza kwa heshima, "Dada, anapenda kufungwa namna gani?"

Nikamwelekeza. Kaza chini kwanza. Mikono yake iache nje. Akilia usimwimbie, tembea tu. Yule mama akainama, na mimi mwenyewe nikamweka mtoto mgongoni kwake, nikamshikilia mpaka fundo likakazika.

Mtoto alidhani ni mchezo. Alicheka mpaka boti yao ya kurudi Kigoma iliposukumwa majini na akaona mimi nimebaki. Akaanza kuniita. Ziwa lilikuwa limetulia, sauti ikafika vizuri: "Mama! Mama!" Mama yangu alinishika mkono kwa nguvu, hakuniachia mpaka sauti ikaisha.

"Twende," akasema. "Mihogo iko inje na mvua inakuja."

Tukaenda kuanua mihogo.