Chafya Tatu za Urambo

Barua ndiyo iliyonitoa hapa Gongoni, Tabora. Iliandikwa na mdogo wangu Tausi, aliyeolewa Urambo, na haikuwa ndefu: "Kaka, shikamoo. Mgiriki mwenye shamba anatafuta mtu wa kuionja tumbaku anayosokota mume wangu. Ikimfaa, banda litabaki. Isipomfaa, banda linafungwa na Maganga anarudi Tanga kukata mkonge. Tumekutaja wewe. Usichelewe." Ninyi mnaonijua mnajua Tanga ilitufanyia nini. Maganga alikaa huko miaka mitatu, akarudi mwembamba, anakohoa, na mwanawe wa kumzaa akamkimbia akidhani ni mgeni. Tausi alilia siku ile mpaka mimi nikaondoka kwa kushindwa kumtazama. Basi barua niliisoma mara mbili, nikafunga duka.

Na niseme kweli, kiburi nacho kilinibeba. Mimi ni muuza ugoro. Watu wanatoka Cheyo kwa miguu, wanawapita wauza ugoro wawili njiani, wanakuja kwangu. Kipimo changu ni chafya. Chafya moja, hiyo tumbaku ya kuchezea. Mbili, inauzika. Tatu na chozi juu yake, hapo sasa tunaongea. Kipimo hiki nilikirithi kwa babu, aliyebeba pembe za ndovu katika njia ya misafara, Tabora mpaka Ujiji. Wapagazi hawakutaka tumbaku ya kuwabembeleza. Walitaka ya kumnyanyua mtu pamoja na mzigo wake. Kwetu sisi, kuiita tumbaku ya mtu dhaifu ni kumtukana.

Asubuhi, stesheni ya Tabora, nilipanda gari la moshi la Kigoma na kikopo changu cha ugoro mfukoni. Abiria wa jirani, Mnyamwezi wa makamo, akanisalimu, "Mwangaluka, bwana. Safari ya wapi?"

"Urambo. Nimeitwa kuonja tumbaku ya Mzungu."

"Kuonja? Makubwa! Tumbaku ni mchuzi?"

Nikamfungulia kikopo. Alipiga chafya nne, akanyamaza mpaka Usoke.

Mchana nilishuka Urambo. Maganga alikuwa akinisubiri na baiskeli. "Shemeji, umenenepa hivyo, nani atakubeba?"

"Si wewe? Mizigo umeizoea."

Tulicheka, tukaiacha baiskeli isukumwe tu, tukafuata njia ya zamani, ileile ya babu, ambayo siku hizi ina alama za magurudumu ya trekta. Njiani nikamwuliza huyo Mgiriki anataka tumbaku ya namna gani. Maganga akatikisa kichwa. "Hasemi. Daktari amemkataza kuvuta, kifua chake kibovu. Anayanusa majani tu, moto hatii. Nimemwuliza mara mbili, ananijibu, wewe sokota, mwonjaji ndiye atakayesema." Hapo ndipo nilipoanza kuchanganyikiwa, na nilikuwa bado sijafika.

Saa tisa tuliingia bandani. Majani yalining'inia juu mpaka kwenye paa, rangi ya kahawia, na harufu yake ilinifanya nisimame. Yule Mgiriki mwenye shamba, ambaye watu humwita Bwana Miwani, alikuwa amekaa juu ya kasha na daftari magotini. Maganga akafungua sanduku dogo. Ndani zilipangwa biri, zile sigara nene za Kizungu, majani matupu bila karatasi, kila moja imenyooka na kubana vizuri. Sikujua kama shemeji yangu ana mikono ya namna ile.

"Wewe ndiye ulimi wa Tabora?" akauliza Bwana Miwani.

"Ndimi, Bwana."

"Niambie hii ikoje. Laini, ya katikati, au kali. Basi."

Ndugu zangu, sikuwa nimeshika biri maishani mwangu. Hakuna aliyeniuliza, nami sikusema. Nilifanya ninachokijua: nikaivunja. Maganga alishika kichwa. Nikaisaga kiganjani kwa kidole gumba mpaka ikawa unga, nikanusa, nikasubiri. Kimya. Nikajaribu tundu la pili la pua. Harufu ilikuwa nzuri, kama karanga zinazokaangwa nyumba ya jirani. Lakini chafya? Hata ya dawa.

Nikasema moyoni, tumbaku ya shemeji imekufa. Nikaiona Tanga, nikauona mkonge, nikamwona mtoto akikimbia. Maganga alikuwa akiniangalia bila kupepesa. Basi nikapiga chafya ya uongo. Nikapiga ya pili. Ya tatu niliitia na chozi, maana kidole chenye unga nilikipitisha jichoni.

"Alhamdulillahi!" nikasema kwa sauti. "Bwana, hii kali! Kali kwelikweli! Babu yangu angefika nayo Ujiji bila kutua mzigo."

Bwana Miwani hakutabasamu. Aliandika neno moja, akafunga daftari, akamtazama Maganga kama anayempa pole. "Asante," akaniambia, akatoka. Nikawaza, Wazungu hawa, hata wakifurahi hujui.

Jioni, nyumbani kwa Maganga, Tausi alikuwa amenichinjia kuku. Nilikuwa ndiyo kwanza nimefinyanga tonge wakati Maganga alipoingia akitoka kuitwa kwa Bwana. Alikaa bila kunawa.

"Banda linafungwa Jumamosi," akasema.

"Kwa nini? Si nimeisifu?"

"Umesema ni kali."

"Ndiyo!"

"Alitaka laini, shemeji. Laini, ikizidi sana iwe ya katikati. Kuna wazee huko Dar es Salaam wanaotaka biri ya kuvuta baada ya chakula, isiwazungushe kichwa. Alificha makusudi. Anasema mwonjaji akijua kinachotakiwa, atasema hichohicho."

Tonge lilibaki mkononi. Nilijaribu kulipanga jambo lile kichwani, halikupangika. Yaani ile isiyo na chafya ndiyo nzuri? Ile niliyoionea aibu ndiyo iliyotafutwa? Na pale nilipomjenga ndipo nilipombomoa?

Maganga aliendelea polepole, na maneno yake yaliniuma kuliko angenitukana. "Mimi niliiona laini. Nilichagua majani ya chini, nikayalundika yatoke jasho, nikayageuza siku kwa siku msimu mzima. Nilivuta moja nikasema, sasa nimepata. Kumbe ulimi wangu umekufa. Fundi asiyeijua kazi ya mikono yake, bora akakate mkonge."

Nikarudisha tonge sahanini. "Chafya zile zilikuwa za uongo."

Tausi akaweka bakuli chini. "Za uongo vipi, kaka?"

"Sikupata hata moja. Nilitaka kumsaidia."

"Na ile alhamdulillahi uliyosema, Maganga kanihadithia, nayo ilikuwa ya nini?"

Maganga alianza kucheka, akaishia katikati. "Kwa hiyo si ulimi wangu?"

"Si ulimi wako, shemeji. Ni mdomo wangu."

Akanawa, akala kidogo. Mimi nikaingia kulala, na kuku wa Tausi sikumgusa.

Saa moja asubuhi, kabla ya chai, nilikuwa barazani kwa Bwana Miwani. Maganga alisimama nyuma yangu, Tausi chini ya ngazi. Nilieleza yote, chafya kwa chafya. Yule Mgiriki akavua miwani, akaifuta.

"Jana ulidanganya kwa sababu huyu ni shemeji yako."

"Ndiyo, Bwana."

"Leo je? Leo si shemeji yako?"

"Ni shemeji yangu, Bwana."

"Sasa nikuamini wa jana au wa leo?"

Wallahi, nililifikiria swali lile kwa moyo mweupe. Nilianza na jana nikaishia leo, nikaanza na leo nikarudi jana. Nikasema, "Bwana, hata mimi sijui."

Hapo Tausi akasema kutoka chini, "Bwana, usiuamini ulimi wa kaka yangu. Amini miguu yake. Hajawahi kuvuta hata sigara, na tangu jana mchana hajala. Mpe biri nzima. Ikiwa kali, ataanguka hapohapo."

Nikamgeukia. Mdogo wangu huyo, niliyembeba mgongoni! Bwana Miwani akacheka kwa mara ya kwanza. "Mama ana akili kuliko sisi wote. Lete biri."

Maganga aliikata kichwa kwa kisu kidogo, akanishikia kiberiti. "Moto usiiguse, uache uikaribie. Vuta taratibu. Moshi usiumeze, ushike mdomoni, kisha uache uende zake."

Mwanzoni nilipata nyasi kavu, halafu mbao mpya, ile ya seremala akianza kupiga randa. Majivu yalikuwa meupe, yakashikamana urefu wa pingili ya kidole bila kudondoka. Jua lilipanda. Bwana Miwani alikuwa amesogeza kiti chake upande unakokwenda moshi, macho ameyafumba.

"Na sasa?" akauliza.

"Karanga, Bwana. Kahawa kidogo. Na kitu kama asali, lakini kwa mbali."

"Kichwa?"

"Kipo mahali pake."

Nilishangaa kwamba nilikuwa naipenda. Haikunipiga, haikuniamsha. Ilikaa na mimi tu, na mimi nilidhani tumbaku kazi yake ni kumpiga mtu. Lakini ilipobaki theluthi ya mwisho, ulimi ukaanza kuwasha. Nikachanganyikiwa upya. Niseme, nimharibie shemeji mara ya pili? Ninyamaze, niwe mwongo mara ya pili? Nilivuta tena nipate muda, ikawasha zaidi.

"Bwana," nikasema, "huku mwisho ina pilipili manga. Na tazama, upande huu unaungua haraka kuliko ule."

Maganga aliinamisha kichwa. Tausi alinikata jicho ambalo nalikumbuka hadi leo. Bwana Miwani akafumbua macho, akavaa miwani.

"Sasa nakuamini," akasema. "Simama."

Mbele ya nyumba palikuwa na mtaro wa maji ya kitalu, na juu yake ubao mwembamba. Akanionyesha kwa kidole. Nilipita juu ya ubao ule hadi ng'ambo, nikarudi. Miguu ilikuwa ileile niliyotoka nayo Gongoni. Akafungua daftari, akakata lile neno la jana, akaandika huku akisoma kwa sauti: "Mwanzo laini, mwisho wa katikati. Maganga, hiyo pilipili uitafutie jani jingine. Banda halifungwi."

Maganga alisema, "Ndiyo, Bwana," akaingia bandani, pale kando ya nyumba, haraka kama aliyesahau kitu. Tausi alimfuata. Nikamsikia shemeji analia mle ndani, na mdogo wangu akimwambia, "Basi, baba, basi." Mimi nilibaki na kipisi mkononi, sijui nikitupe ama nikitunze. Kipo dukani mpaka sasa, njooni mkione.

Kesho yake, stesheni ya Urambo, Tausi alinisindikiza na kuku mzima kwenye kikapu. "Huyu umle, kaka. Na ukija tena, njoo na pua yako ya kweli."

Basi, mkiniletea tumbaku siku hizi, msione ajabu nikiwauliza kwanza ni ya kumwamsha nani, au ya kumpumzisha nani. Ubora wenyewe sijui tena unakaa wapi. Ninachojua ni kwamba nilimpenda shemeji yangu kwa uongo nikamkosesha kazi, na nilipoitaja kasoro yake ndipo akabaki na kazi.

Garini, tulipoipita Usoke, nilifungua kikopo changu nikanusa. Ikaja chafya, moja tu, ya kweli.

"Alhamdulillahi," nikasema. Nikaongeza nyingine tatu, "Alhamdulillahi, alhamdulillahi, alhamdulillahi."

Mama aliyekaa mkabala nami akaitikia, "Yarhamukallah," kisha akanitazama. "Bwana, chafya moja, shukrani nne?"

"Tatu ni za Urambo, mama. Kule nilishukuru kabla sijapewa, sasa nimepewa."

Akakivuta kikapu chake karibu na miguu yake, akageukia dirishani.