Nati za Kushoto

Kama kuna jambo moja ninalolijua kuhusu magari ya zamani ya Amerika, ni kwamba nati za magurudumu ya kushoto zinafunguka kinyume. Sikuomba kulijua. Nililishwa kwa nguvu, kila Jumapili, nikipitisha sahani ya mikate, yale maandazi yetu madogo, mbele ya wazee wanne waliokaa kulizunguka gari lisilotembea kama watu waliokuja matanga.

Gari lilikuwa la baba yangu. Alilikuta ujanani kwenye hangari la tajiri mmoja aliyehama, akalinunua, na tangu hapo hakuna kitu kingine alichokipenda kwa sauti. Lilikuwa refu, jeupe zamani, sasa rangi ya chai yenye maziwa, na nyuma lina mabawa mawili kana kwamba aliyelitengeneza alitaka liruke. Aa, kuruka wapi! Lilijaza kiwanja chetu hapa komini ya Kisangani, mtaa wenye jina la mji wenyewe, mpaka kamba ya nguo ya Mama ikafungwa kwenye bawa moja. Niliolewa likiwa palepale. Ndoa ikanishinda, nikarudi na masanduku yangu, likiwa palepale.

Wazee wenyewe ni hawa. Papa. Rafiki yake, fundi mstaafu wa injini za mashua. Mwuza vitenge, Mwislamu wa zile familia za tangu zamani, aliyekuja na kanzu safi akaondoka na mkono mmoja mweusi wa grisi. Na tonton, mdogo wake Papa, ambaye hajawahi kukaza hata kengele ya baiskeli lakini ana simu, na simu ina video.

Walifika baada ya misa, wakafungua boneti, wakaanza. Kwamba gari hili halina mti wa gia, lina vifungo upande wa kushoto wa usukani, unabonyeza kama redio. Kwamba taa kubwa unaziwasha kwa mguu, kitufe kiko sakafuni. Kwamba kiti cha mbele ni kimoja, hakina mwanya, wanakaa watu watatu bila kugusana mabega. Kwamba hakuna kifungo cha kuegesha, kwa hiyo ukilisimamisha lazima uweke kitu chini ya gurudumu. Kitu chenyewe kilikuwa jiwe la Mama la kusagia pilipili. Alilitafuta siku nyingi, akalikuta chini ya tairi, na Papa akamwambia asiliguse, gari litaserereka. Tangu siku hiyo Mama akawa anasaga pilipili kwa chupa.

Halafu waliingia kwenye nati, na hapo ndipo sauti zilipopanda.

“Upande wa gauche, ukitaka kufungua, unazungusha kama unafunga,” fundi wa mashua alisema. “Njo akili ya Waamerika. Gurudumu likizunguka, nati inajikaza yenyewe.”

“Donc ukisahau, unavunja bolti,” mwuza vitenge akaongeza, akitikisa kichwa kwa furaha.

“Unavunja!” Papa akaitikia, kama vile Mungu ametajwa.

Nilikuwa nikiwasikiliza kutoka jikoni, jasho likinitiririka, sufuria ya lituma, ndizi zetu za kuponda, inanililia, na nikitamani mmoja tu kati yao ashike spana. Mmoja tu! Debe tupu haliachi kuvuma, nikamwambia Mama. Mama alinicheka akaniambia nipeleke kahawa kabla haijapoa.

Sasa niseme kilichoniuma, maana kama ingekuwa gari tu ningeliacha lioze na mabawa yake.

Mama ana dada mkubwa, mama mkubwa wangu, anayekaa komini ya Tshopo, karibu na maporomoko. Mvua zilipoanza, mama mkubwa alianguka. Upande mmoja wa mwili ukafa, na ulimi ukawa mzito. Tangu siku hiyo Mama alikuwa hajamwona. Magoti ya Mama yamekwisha, hawezi kupanda pikipiki, na kwenye toleka, zile baiskeli zetu za abiria, hawezi hata kukaa. Kilichobaki ni teksi. Na teksi Papa aliikataa.

“Bibi yangu apande taxi, na gari iko hapa?” alisema. “Batu batasema nini?”

“Papa, gari haliwaki,” nikamwambia.

“Litawaka. Nimesema nitampeleka mimi mwenyewe, kiti cha mbele.”

Ahadi hiyo ilikuwa na mizizi. Papa alipokuwa anaposa, alikwenda kwao Mama na gari hilihili kujionyesha, likamzimikia mlangoni, akarudi kwa miguu na suti yake. Mama mkubwa, msichana mwenye mdomo, alicheka mpaka akakaa chini. Akamwambia mdogo wake: “Siku gari hii itakuleta kwangu, na yeye ashuke akufungulie mulango, njo nitaamini uliolewa na mwanaume, hapana na gari.” Wakazeeka na utani huo. Hakuna Krismasi ambayo mama mkubwa hakuuliza, mlango ulifunguliwa ama bado?

Nilimvuta Mama pembeni. Nikamwambia asubuhi Papa akiwa misa nitaleta teksi, tutakwenda, tutarudi, nani atajua? Mama alikataa. “Utamuaibisha papa yako,” akasema. “Ngoja gari.” Ngoja gari! Mgonjwa yuko kitandani anahesabu dari, na sisi tunangoja vifungo vya gia. Nilishikwa na hasira. Lakini ni mama yangu. Ningemfunga kamba nimpeleke?

Basi ikaja Jumapili moja fundi wa mashua akafika na betri ya mashua juu ya toleka, akasema ameiazima na lazima irudi mtoni mchana. Wakafunga kidumu cha petroli chini ya boneti kwa kamba ya mpira, kwa sababu pampu ilikufa zamani. Wakaunganisha nyaya. Papa akaketi, akabonyeza, akakanyaga. Na gari, Mungu wangu, likawaka. Liliguruma na kutoa moshi wa bluu mpaka kuku wa jirani wakaruka ukuta. Mimi mwenyewe nilipiga vigelegele. Sikatai.

Mama alikuwa ameshaingia chumbani. Akatoka na kitenge chake cha sherehe, kile cha bluu, kichwa kimefungwa vizuri, mkoba mkononi, na sahani ya lituma imefunikwa kwa ajili ya dada yake. Akasimama karibu na mlango wa mbele wa gari. Akangoja ufunguliwe.

“Mama, ngoja kidogo,” Papa alisema kupitia dirisha, anapiga kelele juu ya mngurumo. “Tujaribu breki kwanza. Hatuwezi kukuweka kwa hatari.”

“Likizima haliwaki tena,” fundi akasema. “Betri inabaki hapa. Twende, twende!”

Na wakaingia! Fundi mbele kwa sababu lazima asikilize injini. Mwuza vitenge mbele kwa sababu lazima aangalie vifungo. Tonton nyuma, peke yake kwenye kiti cha kulaza watu wawili, anapiga video. Niliinama dirishani nikasema jamani, nafasi si hiyo hapo nyuma? Papa akasema kiti cha Mama ni cha mbele, ameahidi, na ahadi ni ahadi. Tunazunguka tu ronpwe, ule mzunguko wa barabarani, tunarudi, akasema, dakika moja. Wakatoka getini wakipunga mikono kama maharusi.

Mama alitazama mahali gari liliposimama miaka yote. Majani yalikuwa yamekufa kwa umbo lake. Akainama taratibu, akashika goti, akaokota jiwe lake la pilipili. Alikwenda kuliosha, akalianika juani, kisha akavuta kiti chake hadi getini akaketi, mkoba juu ya mapaja.

Tulingoja. Kahawa ikapoa. Waliotoka kwenye ibada ya pili walipita, wakamsalimu, wakauliza anakwenda wapi amependeza hivyo. Akawaambia bwana wake anakuja kumchukua. Aliwaambia wote, mmoja mmoja. Jua lilipopita utosini nikasema basi, potelea mbali, nikatoka kuwatafuta.

Niliwakuta kabla ya ronpwe. Gari limekaa katikati ya barabara, pikipiki zinalikwepa na kutukana. Tairi la mbele la kulia lilikuwa limelala chini. Fundi alikuwa ameingiza bomba la maji kwenye spana ili apate nguvu, na wote wanne walikuwa wameling’ang’ania, wanavuta, wanahema. Chuma kikalia, ta! Bolti ikavunjika. Ukitazama chini uliziona nyingine zimeshatangulia.

“Mnazungusha wapi?” nikauliza.

“Kinyume,” Papa akasema, uso umeloa. “Unajua gari hii. Kinyume.”

“Papa. Hili si gurudumu la kulia?”

Mwuza vitenge akatazama gurudumu, akatazama usukani, akatazama mkono wake mwenyewe. Jumapili zote zile! Kahawa yote ile! Waliimba kushoto, kushoto, kushoto, mpaka siku kuume kulipowahitaji hawakukumbuka kwamba upande huo una nati za kawaida kama za gari lolote duniani. Walikuwa wanakaza walipodhani wanafungua.

Ningewasamehe kama wangeona aibu. Lakini tonton akaokota kipande cha bolti, akakiinua kwenye mwanga. “Angalia chuma ya zamani,” akasema. “Angalia vile imevunjika safi.” Na fundi akasogea. Na mwuza vitenge akasogea. Na Papa, baba yangu mzazi, akasogea, akavaa miwani, wakaanza kuzungumza juu ya chuma.

Hapo nikalipuka. Niliwaambia kuna mwanamke getini amevaa tangu asubuhi. Niliwaambia kuna mgonjwa Tshopo ambaye hana Jumapili nyingi za kuchezea. Niliwaambia wao si wapenda magari, ni wapenda midomo yao. Nilisema na mengine ambayo binti hamwambii babaye barabarani, na watu wa mikate upande wa pili wakaacha kukaanga ili wasikie. Papa alisema tu, “Tunamaliza. Kamwambie tunamaliza.”

Hakukuwa na haja ya kumwambia. Mama alikuwa anakuja.

Alikuja juu ya puspus, ule mkokoteni unaobeba ndizi za makemba na magunia ya makaa kwenda sokoni. Kiti chake kimefungwa katikati kwa kamba, yeye juu yake, mgongo wima, kitenge cha bluu kimekunjwa vizuri magotini, sahani mapajani. Mwenye puspus, baba mzima mwenye mabega mapana, alikuwa anasukuma polepole akikwepa mashimo. Barabara nzima ilitazama. Hakuna aliyecheka.

Papa akasimama na kipande cha bolti mkononi. “Mama,” akasema. “Mama, ngoja.”

“Bapapa, mbote,” Mama akawasalimu wote kwa heshima, kama angewasalimu nyumbani akiwaletea kahawa. Hakusema lingine. Puspus ikalizunguka gari, gurudumu moja likipita karibu kabisa na bawa, ikaendelea.

Nilimfuata kwa miguu hadi Tshopo, nikishikilia kiti penye mashimo. Njia yote nilikuwa ninatunga nitakayomwambia mama mkubwa. Nilitaka amcheke Papa kama zamani, acheke mpaka akae chini, ingawa hawezi tena kukaa bila kushikwa. Tulipofika, mwenye puspus akamshusha Mama mlangoni kama mtu anavyoshusha mayai.

Mama mkubwa alikuwa amelala amegeukia ukuta. Amekonda. Ilimuuma Mama, niliona, lakini akaketi kitandani akamshika mkono ule uliobaki mzima, wakakaa hivyo, maporomoko yakisikika nje. Baadaye mama mkubwa akamgeukia. Maneno yalitoka moja moja.

“Umekuja na nini?”

“Na gari,” Mama akasema.

“Ile?”

“Njo ile.”

Nilifungua mdomo. Mama akanikanyaga mguu, kwa nguvu, ingawa goti lake ni bovu.

Mama mkubwa alimtazama mdogo wake, kitenge, kilemba, mkoba. “Na mulango?”

“Alishuka,” Mama akasema. “Akanifungulia.”

Nusu ya uso wa mama mkubwa ikacheka. Alicheka bila sauti, machozi yakamtoka kwenye jicho moja, akampiga Mama mkononi, taratibu, akampiga tena. Hasira yangu yote sikuwa na pa kuitemea.

Nikatoka nje, nikamwambia mwenye puspus aisogeze mbali na dirisha.