Papa Hakuachilia Mulango

Kwetu Bukavu, taksi ikikimbia polisi, kila mutu ndani anajua kazi yake. Shofere anakanyaga. Abiria wa mbele anapandisha kioo na kufunga mulango kwa ndani, sisi wa nyuma tunapandisha vya kwetu, na polisi anabaki inje anapiga bati kwa kiganja. Tunafunga kwa sababu wale wa roulage, polisi wa barabarani, wana mukono mwepesi: ukiwaachia nafasi, mukono unaingia, unachomoa ufunguo, na safari yako imekufa hapo hapo. Kama shofere ana makosa au hana, hatuulizi. Hata wamama wanaotoka misa wanafunga, tena wanacheka.

Papa yangu alikuwa roulage. Cheka tu, sisi nyumbani tulimucheka miaka yote. Serikali haikumupa gari ya kufukuzia gari, ilimupa filimbi. Basi alikuwa na njia mbili. Ya kwanza ilikuwa ubao wenye misumari. Mwenzake alikaa nao huko chini ya muteremko, na gari ikija mbio anauvuta kwa kamba mpaka katikati ya barabara. Ya pili ilikuwa kudandia. Papa alikuwa anaruka, anashika mulango, ananing'inia pale mpaka shofere aogope asimame.

Mama hakuzoea kudandia huko. Kila asubuhi akimupigia pasi shati, maneno yalikuwa yale yale.

"Papa wa watoto, siku moja utatuachia maiti."

"Mama, mimi siko mujinga. Nikiona hasimami, naachilia. Gari ni yake, miguu ni yangu."

Na kweli alikuwa anaachilia. Nilimuona mara nyingi pale Nyawera, ninapouza nyanya. Ananing'inia kidogo, anaona shofere ana kichwa kigumu, anashuka, anapangusa suruali, na wamama wa soko wanamupigia makofi.

Siku ile nilikuwa ninarudi nyumbani. Mchana kweupe. Nilibanwa kiti cha nyuma katikati ya wanaume wawili wanene, na beseni langu la nyanya miguuni. Filimbi ikalia. Shofere akasema, "Hawa watanikula leo," akakanyaga. Vioo vikapanda. Mimi niliinama kushika nyanya zisimwagike, sikuona ni polisi gani. Nikasikia bati linapigwa, si kwa kiganja, kwa ngumi. Ngumi ile ingali ndani ya kichwa changu. Mvua ya mawe ikipiga paa, mimi ninatoka inje.

"Huyu wa leo iko na nguvu!" jirani yangu akasema.

Nikainua kichwa. Papa! Kioo cha upande ule kilikuwa kibovu, hakikufika juu, na vidole vyake vilikuwa vimeshika pale kwenye nafasi. Macho yake yalikuwa kwangu, si kwa shofere.

"Simama! Ni papa yangu! Simama!"

"Ataachilia, maman!" shofere akajibu. "Hawa wote wanaachilia!"

Hata mimi niliamini hivyo. Nililala juu ya miguu ya yule jirani, nikapiga kioo kwa mikono yote miwili, nikalia: "Achilia, papa! Achilia!" Lakini alikaza tu. Akageuza uso mbele, akapiga kelele ambayo sikuielewa. Kule chini mwenzake akavuta kamba. Misumari ikapasua pine, taksi ikazunguka, ikaenda kugonga ukuta kwa upande ule ule wa papa.

Nilitoka bila mukwaruzo. Hilo nalo ninalibeba.

Pale hospitali mama hakulia. Aliuliza kitu kimoja tu, akamuuliza kila mutu, hata mufagiaji: "Kwa nini hakuachilia?" Na mimi, Mungu anisamehe, nilikuwa na hasira. Nilimukasirikia papa amelala pale kifua kimefungwa, nikasema moyoni, muzee, leo uliona nini cha kufia?

Mwenzake ndiye alitueleza, kofia mkononi. Miezi ile watu wengi mjini walikuwa wanatekwa ndani ya taksi, na kila nyumba ilikuwa na hofu. Papa aliona taksi inakimbia, mimi katikati ya wanaume wawili, nimeinamishwa kichwa, vioo vinapanda. Halafu akaniona ninapiga kioo na kulia.

"Nilimuona amening'inia, nikataka kuacha kamba," alisema. "Yeye mwenyewe akaniita: Vuta! Vuta! Wameiba mutoto wangu!"

Mama akakaa chini, kwenye sakafu.

Jua lilikuwa halijashuka wakati papa alifungua macho. Hakunitazama, alimutafuta mwenzake.

"Mutoto," akasema. "Walimuachilia?"

Mwenzake akanisukuma mbele. Nikashika vile vidole vilivyovimba, nikasogeza uso wangu karibu na wake.

"Papa, niko hapa. Hakuna mutu aliniteka. Nilikuwa narudi tu nyumbani."

Alinitazama muda murefu. Sijui kama alinijua. Kisha akageuza kichwa kwa mwenzake, akamuuliza tena.