Kidole cha Mwasiti Kilichoshonewa Kiganjani

Mwasiti wa Kasingirima hakununua dagaa kwa macho. Alizamisha mkono guniani huku uso ameugeuzia pengine, akipiga soga, kisha akatoa hukumu: "Hawa wamekauka juu, ndani bado wabichi." Au: "Hawa walianikwa mchangani, nani kakwambia mimi mgeni hapa?" Na hakukosea. Pale mwaloni Kibirizi, boti zinaposhusha dagaa, wachuuzi wenzake walisubiri kidole chake cha shahada kiseme, ndipo nao wanunue.

Basi siku moja boti yenye shehena ikayumba, ikakibana kidole hicho hicho kwenye nguzo ya gati. Ncha yote ikasagika. Jamani, Mwasiti hakulilia maumivu, alililia kazi yake.

"Mama, ncha tutaitengeneza," Daktari Scola akamwambia hospitalini. "Nyama na ngozi tutachukua kiganjani kwako mwenyewe." Akakikunja kidole, akakishonea chini ya dole gumba, kikae hapo wiki mbili kikilishwa damu ya kiganja mpaka kishike, kisha akitenganishe. Wiki mbili Mwasiti alitembea amefumba ngumi. "Shoga, umeficha nini humo?" wakamtania. Binti yake Nasma alimlisha ugali. "Haya, fungua mdomo, mtoto mzuri," akamwambia, na mama akacheka mpaka tonge likampalia.

Kilipotenganishwa, kilikuwa kifupi kidogo na kinene, lakini kidole! Akapiga kigelegele hapo hapo. Daktari alimwonya kwamba hisia zitachelewa, ila Mwasiti na kiherehere chake, kidonda kukauka tu, huyo mwaloni! Akazamisha mkono kwenye gunia la Thobias, mvuvi wa Mwamgongo anayeanika juu ya chanja, si mchangani, miaka yote.

"Mchanga!" akatangaza.

"Mchanga? Mimi?" Thobias akamwaga gunia zima kwenye turubai mbele ya watu. Haikuonekana hata chembe. Kumbe ni ile ngozi mpya, ilikuwa ikimchomachoma yenyewe. Mwasiti alitamani ardhi ipasuke immeze. Aliomba radhi, Thobias akasema yameisha, lakini tangu siku ile wenzake walikagua magunia wenyewe. Hilo lilimuuma kuliko gati.

Akaanza kukisomesha kidole kama alivyofundishwa hospitalini. Kila asubuhi barazani, amejifunga kitambaa machoni, mbele yake bakuli la mchele, la ulezi na la mchanga, akipapasa na kutaja kilichomo.

"Mwasiti siku hizi anapiga ramli!" majirani wakacheka.

"Chekeni, nitawapigia na nyie!"

Mwezi wa sita wa mazoezi hayo, Thobias akashusha gunia miguuni pake. "Mama Nasma, hebu sema."

Wachuuzi wakasogea. Mwasiti akageuza uso ziwani, akazamisha mkono.

"Wakavu. Wa chanja." Kidole kikasita. "Weee, Thobias! Kuna mchanga humu, na umeutia mwenyewe leo hii! Mchanga wa kuanikia hung'ang'ania dagaa, huu unateleza tu."

Thobias akaangua kicheko. "Konzi moja tu ya mchanga, Mama Nasma. Nilitaka kujua kama umerudi."

Vigelegele vikalipuka gati nzima. Mwasiti akalia waziwazi kwa furaha, mkono bado guniani.

"Nimerudi," akasema. "Sasa kapepete dagaa wako, mimi sinunui mchanga."